Kurudisha Funguo Si Kufilisika

Hoteli mbili kubwa za katikati ya jiji la San Francisco, Hilton Union Square yenye vyumba 1,921 na jirani yake Parc 55 yenye vyumba 1,024, zilipata mnunuzi mwishoni mwa 2025. Bei iliyoripotiwa ni dola milioni 408. Mwaka 2016, mkopo uliozishika hoteli hizo ulipoandikwa, wathamini walizipa thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.5. Gawanya bei mpya kwa vyumba vyote, unapata kama dola 138,500 kwa chumba, na hapo umeongezewa lifti, majiko na kumbi za mikutano. Habari za namna hii huandikwa kwa sauti ya tanzia, na humo jina la mmiliki wa zamani, Park Hotels & Resorts, lilirudi kama jina la kampuni iliyoshindwa kulipa ikanyang'anywa mali. Mpwa wangu anayeendesha lori Minnesota, aliyewahi kununua hisa zake chache kwa simu, alinitumia picha ya habari moja na maneno mawili: "Mjomba, niuze?"

Swali lake ni la haki, ila habari aliyoitegemea imempeleka kusiko. Park haikunyang'anywa kitu. Juni 2023 ilitangaza yenyewe kwamba inaacha kuulipia mkopo wa dola milioni 725 uliozishika hoteli hizo mbili, huku ikiwa na pesa na wadai wake wengine wakiendelea kulipwa. Hoja yangu ni kwamba tukio lile, linalosomwa kama dalili ya ugonjwa, lilionyesha kampuni iliyokuwa bado na nguvu. Na vitu vinavyosomwa kama dalili za afya, yaani gawio nono na orodha ndefu ya hoteli, mara nyingi ndivyo vinavyoficha maradhi. Anayetaka kuijua afya ya riti ya hoteli kama Park aulize kwanza deni limekaa wapi, linaiva lini, na kama mwenye mali bado ana uwezo wa kuchagua lipi alilipe na lipi aliache. Majengo yenyewe yafuate baadaye.

Riti, kwa asiyeijua, ni mfuko wa uwekezaji wa majengo: watu wengi wanachanga kwa kununua hisa, mfuko unamiliki majumba, na pango linawarudia kama gawio. Marekani iliziruhusu kwa sheria ya 1960 iliyotiwa saini na Rais Eisenhower. Mapatano yenyewe ni kwamba mfuko hautozwi kodi ya mapato ya kampuni kwa kile unachokigawa, mradi ugawe walau asilimia 90 ya faida yake inayotozwa kodi. Hoteli ilileta shida tangu mwanzo. Sheria inataka riti iishi kwa pango, na pesa ya mgeni anayelala usiku mmoja, akanywa chai na kufuliwa shati, ni mapato ya biashara wala si pango. Kwa miaka mingi riti za hoteli zililazimika kumkodisha mtu mwingine hoteli nzima na kupokea pango tu. Sheria ya 1999, iliyoanza kutumika 2001, ikaziruhusu kuunda kampuni tanzu inayolipa kodi, ambayo huikodi hoteli kutoka kwa mama yake kisha ikaajiri mwendeshaji wa nje. Ndiyo maana bango la mlangoni lisikudanganye. Tangu Park ilipotengwa na Hilton Januari 2017, jengo la Union Square lilikuwa la Park. Hilton iliendesha na kutoza ada. Paa likivuja, au riba ikidaiwa, aliyeamshwa usiku ni Park.

Ada hiyo nayo inastahili kutazamwa. Sehemu yake ya msingi, aghalabu kama asilimia 3, hukatwa kwenye mauzo kabla faida haijajulikana, kwa hiyo mwendeshaji anakula hata siku mwenye jengo analala njaa. Riti ya ofisi ina wapangaji waliofungwa kwa mikataba ya miaka mingi. Wapangaji wa riti ya hoteli hurudisha kadi ya mlango kila asubuhi. Bei za vitu zikipanda hilo ni neema, maana bei ya chumba hubadilishwa usiku huohuo. Mambo yakigeuka, hakuna mkataba wa kukukinga. Mwaka 2019 hoteli za Marekani zilijaa kwa wastani wa asilimia 66. Mwaka 2020 zikashuka hadi asilimia 44, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Mapato kwa kila chumba kilichopo, kilicholaliwa na kisicholaliwa, yalianguka kutoka dola 86.76 kwa usiku hadi 45.48. Bima haikuanguka kwa nusu, wala kodi ya jengo, wala riba. Mauzo yakipungua kwa nusu katika biashara yenye gharama nyingi zisizopungua, kinachobaki kwa mwenye hisa hakipungui kwa nusu: kinatoweka, na huenda kikavuka chini ya sifuri. Riti ya hoteli yenye deni la wastani kwa vipimo vya riti ya maghala inaweza kuwa yenye deni la kutisha kwa vipimo vyake yenyewe, na hapo ndipo wachambuzi wengi wa mitandaoni huteleza, kwa kuzipanga riti zote kwenye jedwali moja.

Mkopo ule wa milioni 725 ulikuwa wa aina ambayo Marekani ni ya kawaida na kwetu ni nadra: mkopo usiovuka dhamana. Huku kwetu, benki ikikukopesha itakufuata hadi kwa wadhamini wako na kiwanja ulichokisahau kijijini. Kule, mkopeshaji wa aina hii amekubali tangu siku ya kwanza kwamba mambo yakiharibika atachukua hoteli aliyoandikiwa na hatagusa nyingine. Kwa kukubali hatari hiyo hutoza riba yake, hupima thamani ya jengo, na hukopesha sehemu tu ya thamani hiyo ili abaki na kingo, yaani nafasi ya kumkinga thamani ikishuka. Milioni 725 juu ya mali iliyothaminiwa kwa zaidi ya bilioni 1.5 ni chini ya nusu. Mwaka 2016 kingo hiyo ilionekana nene ajabu. Kisha mikopo kama hiyo hukusanywa, ikakatwakatwa na kuuzwa kwa wawekezaji kama hati fungani, hivyo kwamba anayekudai si meneja wa benki unayeweza kwenda kumwona ofisini.

Kufikia 2023 kingo ilikuwa imekwisha. Park ilizitaja sababu zake waziwazi: ofisi za San Francisco zilizobaki tupu kuliko wakati wowote, wafanyakazi wasiorudi mjini, wasiwasi juu ya hali ya mitaa inayozizunguka hoteli, na kalenda ya mikutano mikubwa iliyoonekana dhaifu hadi 2027. Mkopo ulikuwa unaiva Novemba mwaka huohuo. Jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi mkuu, Thomas Baltimore. Ili uzibakishe hoteli hizo unahitaji kulipa riba ya kama dola milioni 30 kwa mwaka, kutafuta mkopeshaji mpya wa milioni 725 wakati riba za dola zimepanda kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi kumi na tano, na kuzitia hoteli ukarabati ambao kampuni yenyewe ilisema ungegharimu zaidi ya milioni 200 ndani ya miaka mitano. Ukizirudisha, hupotezi kitu zaidi ya hoteli ambazo thamani yake huenda imeshazama chini ya deni. Mtu anayechagua la pili hajashindwa kulipa. Amekataa kuinunua tena mali yake kwa bei ya jana. Oktoba 2023 hoteli zikawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na wenye hisa wa Park, badala ya kupoteza, wakapata gawio maalumu la senti 77 kwa hisa, kwa sababu kuachana na hoteli zile kulihesabiwa faida kwa macho ya kodi, na faida ya aina hiyo riti hulazimika kuigawa.

Hapo vitabu vya hesabu vilifanya kituko ambacho kila msomaji wa ripoti za riti angepaswa kukikariri. Katikati ya 2023 Park iliandika hasara ya zaidi ya milioni 200 kwa kushusha thamani ya hoteli hizo mbili. Katika robo ya mwisho ya mwaka huohuo, hoteli na deni lake vilipoondolewa kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni, ikaandika faida ya milioni 221. Hakuna senti iliyoingia kwenye akaunti, katika tukio la kwanza wala la pili. Aliyesoma ripoti ya robo ya pili peke yake aliona kampuni inazama, na aliyesoma ya robo ya nne peke yake aliona kampuni inang'aa. Wote wawili walikuwa wakiitazama kalamu ya mhasibu. Faida halisi ya mwaka, namba ambayo vyombo vya habari huitanguliza, kwa riti ya hoteli ni karibu namba isiyo na matumizi.

Sasa tutazame funguo zilizorudishwa kwa namna nyingine. Ashford Hospitality Trust ya Dallas iliingia sokoni 2003 na kabla ya janga la korona ilikuwa na hoteli zaidi ya mia moja. Ukihesabu majengo, ilikuwa miongoni mwa majina makubwa. Lakini karibu kila hoteli ilikuwa imewekwa rehani, mikopo mingi ilikuwa ya riba inayopanda na kushuka na soko, na uongozi wake ulikuwa kampuni nyingine, Ashford Inc., iliyotengwa 2014 na kulipwa ada ya ushauri. Machi 2020 ikasimamisha gawio la hisa za kawaida na halijarudi. Januari 2021 ikajinusuru kwa mkopo wa hadi milioni 350 kutoka kampuni ya uwekezaji ya Oaktree, kwa riba iliyofika asilimia 16. Anayekopa kwa riba hiyo, ajue asijue, ameshawakabidhi wengine nusu ya usukani. Julai 2023, mwezi mmoja tu baada ya tangazo la Park, Ashford nayo ilisema haitatia pesa zaidi kwenye makundi matatu ya mikopo yenye hoteli 19. Kwenye vichwa vya habari matangazo yale mawili yalifanana kama shilingi na ya pili. Mkopo ulikuwa wa aina ileile na lugha ileile. Tofauti ilikuwa nyuma ya pazia: Park iliachilia hoteli mbili na kubaki na nyingine nyingi zisizo na rehani, wakati Ashford ilikuwa inachagua mguu upi ukatwe kwanza.

Mwenye hisa wa Ashford anaweza kukuonyesha matokeo bila kufungua ripoti yoyote. Kampuni iliunganisha hisa zake, kumi kuwa moja, Julai 2020. Ikarudia Julai 2021. Ikarudia tena Oktoba 2024. Kumi mara kumi mara kumi: aliyekuwa na hisa elfu moja kabla ya janga amebaki na moja. Kuunganisha hisa peke yake hakumwibii mtu, kama vile kubadilisha noti kumi za elfu kwa noti moja ya elfu kumi hakumfukarishi. Lakini kampuni inayolazimika kufanya hivyo mara tatu ndani ya miaka mitano ni kampuni ambayo bei yake imekuwa ikiyeyuka kati ya zamu moja na nyingine. Deni la Oaktree lilimalizwa Februari 2025, na nawapa haki yao kwa hilo. Ila kulimaliza deni la riba ya juu si sawa na kupona, ikiwa hoteli zilizobaki karibu zote bado zina mwenyewe mwingine mlangoni.

Wapo wanaopinga usomaji wangu, na hawapingi kwa sababu moja. Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba kampuni yenye pesa ikikataa kulipa deni imefanya dhuluma, na mdhulumu hana afya. Nimeisikia hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na chimbuko lake naliona: kwetu deni ni heshima, na anayelikimbia hukosa pa kuweka uso. Lakini aliyekopesha hapa hakuwa jirani aliyekutolea pesa kwa kukuamini. Alikuwa mfanyabiashara aliyeandika mkataba kupitia mawakili wake, akakubali kwamba dhamana ndiyo mwisho wa madai, na akalipwa riba kwa karibu miaka saba kwa kukubali hivyo. Mkataba ulitoa milango miwili, kulipa au kukabidhi. Park ilipita mlango wa pili hadharani, miezi mitano kabla mkopo haujaiva, bila kuhamisha samani usiku. Ukiuita huo wizi, basi na bima inayolipa fidia baada ya ajali imeibiwa.

Hoja yenye uzito ni ya wakati. San Francisco ya 2025 siyo ya 2023. Kampuni za akili mnemba zimeanza kujaza ofisi zilizokuwa tupu, wageni wa mikutano wameanza kurudi, na Februari 2026 Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, ilichezwa Santa Clara, kusini mwa jiji. Wanunuzi waliolipa milioni 408 huenda wamepata chakula cha bei ya mabaki, na Park iliuacha mlo mezani. Nimejaribu kuipiga hesabu hoja hii badala ya kuipuuza. Kama Park ingebaki, kufikia uuzaji ingekuwa imelipa riba ya zaidi ya milioni 70, ikiwa ingepata mkopeshaji kwa riba ya zamani, jambo ambalo lisingewezekana. Weka juu yake ukarabati wa milioni 200 na deni lenyewe la 725, unafika karibu na bilioni moja. Hoteli zile zingehitaji kupita thamani hiyo ndipo mwenye hisa aanze kuona senti yake ya kwanza, na soko limezinunua kwa 408. Jiji linaweza kupona kabisa na Park ikabaki imeamua sawasawa. Tena haikulikimbia jiji lote; JW Marriott iliyo karibu na Union Square ilibaki mikononi mwake, kwa hiyo kupona huko inakula kipande.

Lipo pia la wafanyakazi, na hapo sina jibu la kujivunia. Mwaka 2024, hoteli zile zikiwa chini ya msimamizi, wahudumu wa Hilton Union Square walikuwa miongoni mwa waliogoma San Francisco kwa siku 93, hadi mkesha wa Krismasi. Chumba kinatandikwa na mtu yuleyule, awe mwenye jengo ni riti, mahakama au mfuko wa kununua magofu. Mizania safi ya Park haikumsaidia. Wala hasara haikupotea hewani: kati ya 725 na 408 kuna milioni 317, bila kuhesabu riba iliyolimbikizwa na gharama za mawakili, na wenye hati fungani ndio waliozibeba. Ila hayo yanatuambia nani aliumia. Swali la afya ya Park ni lingine, na wanaoyachanganya mawili hayo hujikuta wakinunua hisa kwa huruma na kuziuza kwa hasira.

Hadi hapa nimezungumzia deni tu, kwa hiyo niende kwenye kipimo ambacho riti zenyewe hukipenda. Tangu 1991 chama cha riti cha Marekani kimependekeza zipimwe kwa kurudisha uchakavu wa majengo kwenye faida. Mantiki yake ni kwamba mhasibu anaandika jengo linachakaa kila mwaka wakati sokoni bei yake inapanda, kwa hiyo uchakavu ule ni wa karatasi. Kwa ghala la zege hilo lina ukweli wake. Kwa hoteli ni nusu ya uongo. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na biashara ya gesti anajua godoro halichakai kwenye karatasi. Mazulia, viyoyozi, mabomba, runinga, lifti: vyote huliwa na wageni, na mwenye nembo ya kimataifa hana hiari ya kuahirisha, kwa sababu mwenye nembo humjia na orodha ya ukarabati na tarehe. Mikataba mingi hutaka kama asilimia 4 ya mauzo itengwe kila mwaka kwa samani na vifaa, na ukarabati mkubwa huja juu ya hapo. Kwa hiyo riti ya hoteli ikikuonyesha kwamba gawio lake ni nusu tu ya kipimo kile cha kurudisha uchakavu, usifurahi mpaka uondoe kwanza pesa za ukarabati. Mara nyingi ile nusu iliyobaki imeshaandikiwa fundi. Na wapo wanaofanya baya zaidi, kuacha kukarabati ili gawio lisipungue. Kwenye ripoti hiyo huonekana kama nidhamu ya matumizi. Miaka mitatu baadaye huonekana kwenye bei ya chumba.

Tukirudi kwa mpwa wangu, alichokinunua yeye hakikuwa hoteli, wala deni, wala uchakavu. Alinunua asilimia 9. Mwaka 2025 Park ilitoa senti 25 kwa hisa kila robo mwaka, dola moja kwa mwaka, na hisa ilikuwa ikizunguka dola 11. Gawio la asilimia 9 kwa mtu anayeweka akiba benki kwa asilimia 4 ni kama mvua ya kiangazi. Lakini asilimia ya gawio ina namba mbili, na namba ya chini ni bei ya hisa. Asilimia hupanda gawio likiongezeka, na hupanda vilevile bei ikianguka kwa sababu soko linatilia shaka kama gawio litadumu. Kampuni hii hii ilisimamisha gawio mwaka 2020, na ilipolirudisha 2022 ilianza na senti moja kwa hisa kwa robo mwaka. Sheria ya asilimia 90 haimlindi mwenye hisa hapo, kwa sababu asilimia 90 ya faida isiyokuwepo ni sifuri. Waliowekeza Nairobi wana somo lao la karibu: Fahari, riti ya kwanza kuorodheshwa Kenya, ilianza 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande, na kufikia 2023 kipande kilikuwa kikiuzwa chini ya shilingi 7, kabla haijaondoka kwenye soko kuu 2024. Ile haikuwa ya hoteli, na anguko lake halikuletwa na mikopo, kwa hiyo nakiri kwamba deni si chanzo cha kila maradhi. Lakini wengi walioinunua waliifuata kwa ahadi hiyohiyo, kwamba majengo hayafi na sheria inalazimisha gawio.

Kwa Park, mtihani wenyewe uko Honolulu. Mali yake kubwa kuliko zote ni Hilton Hawaiian Village pale Waikiki, yenye vyumba zaidi ya 2,800, na hoteli hiyo imeshikwa na mkopo wa bilioni 1.275 wa mwaka uleule wa 2016, usiovuka dhamana vilevile, kwa riba ya kama asilimia 4.2. Unaiva Novemba 2026. Safari hii hakuna anayefikiria kurudisha funguo, maana hoteli ile ndiyo ng'ombe wa maziwa, hata baada ya mgomo uliozidi mwezi mmoja katika vuli ya 2024. Riba ya sasa ni kama milioni 54 kwa mwaka. Tuseme, kwa kukadiria tu, mkopo mpya unakuja kwa asilimia 6.5: riba inapanda hadi milioni 83, yaani milioni 29 zaidi, bila kuongezewa hata shuka moja. Park ina hisa zipatazo milioni 200. Hizo ni kama senti 15 kwa hisa kila mwaka zinazokatwa kutoka kwenye kile kinacholipia gawio la dola moja. Haiui kampuni, lakini inatosha kulitikisa gawio hilo mwaka wowote ambao watalii wa Hawaii watapungua.

Kwa hiyo nilimwambia asiuze kwa ajili ya San Francisco. Nilimtumia ukurasa wa ripoti ya mwaka wenye jedwali la madeni, na nikamwomba auangalie tena mkopo wa Waikiki utakapobadilishwa, riba yake na kitu kingine ambacho vichwa vya habari havitakigusa. Mkopo mpya ukiandikwa juu ya hoteli ile peke yake, Park inabaki na mlango uleule ilioutumia 2023. Ukilipwa kwa mkopo wa kampuni nzima, ambao huenda ukapatikana kwa riba nafuu zaidi na kushangiliwa kwa sababu hiyo, basi deni litakuwa limehama kutoka kwenye jengo moja hadi kwenye majengo yote, na siku mambo yakiharibika Waikiki hakutakuwa na funguo za kurudisha.